Mama husimama kila akisalimiwa njiani

Shangazi mpendwa,

Pole na kazi. Ninaishi Walukuba, hapa Jinja, pamoja na mama yangu mzazi. Ana miaka 71. Tangu nikiwa mtoto yeye ni muuza mukene, wale dagaa wa ziwani. Alfajiri anakwenda mwaloni Masese, ananunua, anaianika, halafu anaipeleka sokoni beseni likiwa kichwani. Sisi watoto wanne tumesomeshwa na beseni hilo.

Magoti yalianza kumsumbua kama miaka sita iliyopita, hasa la kulia. Akiamka asubuhi amekakamaa, anakaa ukingoni mwa kitanda anajikanda kwanza. Akikunja goti unasikia linakwaruza. Siku nyingine linavimba, na kuna nyakati linamtupa ghafla kama vile si lake. Tulimpeleka kwenye kliniki moja, akapigwa picha ya eksirei, tukaambiwa goti limesagika, ni uzee, akapewa diklofenaki. Basi. Tangu hapo akizidiwa anajinunulia mwenyewe dukani, vidonge vimefungwa kwenye karatasi, vingine hata jina havina.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni kingine. Tangu mwaka jana, mtu akimsalimu njiani, mama anasimama. Mwanzoni nilidhani ni adabu tu, unajua salamu zetu zilivyo ndefu. Baadaye nikagundua hata mimi nikimuuliza, "Mama, unga umebaki?" anasimama kabisa, ananijibu, ndipo anaendelea. Hawezi tena kutembea huku anaongea. Na ameanguka mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa anavuka mtaro, beseni kichwani, mteja ng'ambo ya barabara akimwuliza bei. Mara ya pili ilikuwa usiku, umeme umekatika, anakwenda chooni uani. Siku hiyo alipasuka kwenye paji la uso.

Jirani anasema mama amechezewa kwa uchawi na wenzake wa sokoni. Kaka yetu mkubwa, aliye Kampala, anasema mama anaanza kupoteza akili. Anataka kumhamishia kwake, ghorofa ya tatu, apumzike asifanye chochote. Mama amekataa. Anasema, "Nikikaa nimekufa." Na mimi sioni akili iliyopotea, Shangazi. Mama hana daftari, lakini deni la kila mteja analijua mpaka shilingi ya mwisho.

Kwa sasa ninatembea nyuma yake kila ninapoweza, namwonya, "Mama, shimo! Mama, boda!" Anakasirika. Tumefika mahali tunakwenda sokoni kama watu waliogombana.

Halafu mwezi ujao ni kwanjula ya binti yangu, ile sherehe ya kuwapokea na kuwatambulisha wakwe. Mama anasisitiza kwamba atapiga magoti kuwasalimu wakwe kama alivyofanya kwenye kwanjula yangu. Juzi nilimkuta chumbani amepiga magoti kando ya kitanda, ameshindwa kuinuka. Hakuwa ameniita. Sijui alikuwa hapo kwa muda gani.

Nimfungie ndani kama kaka anavyotaka? Au nimwache?

Binti wa muuza mukene, Jinja

---

Binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale kitandani, kwa mama aliyepiga magoti na hataki kuita. Habari ya kwanjula nitairudia, maana siku zinakimbia. Kwanza tuzungumze linalokunyima usingizi.

Mama yako hajachezewa. Na kwa uliyoniandikia, sioni kwamba akili yake imepotea. Mtu anayebeba madeni ya soko zima kichwani bila daftari hana akili iliyopotea. Ninachokiona ni goti linaloomba msaada kwa ubongo katika kila hatua, na ubongo unatoa. Mtu akimsalimu, ubongo huohuo unaombwa mambo mawili kwa mpigo. Mama, bila kufundishwa na yeyote, amechagua lililo salama: anasimama, anajibu, ndipo anaendelea. Huko kusimama kunakokutisha ndiko kunakomlinda.

Nikueleze inavyokuwa, ili hata kaka yako ukimweleza asikushinde kwa maneno.

Mtu anaposimama wima, ubongo unapokea taarifa kutoka sehemu tatu. Macho yanasema ardhi iko wapi. Sikio la ndani linasema kichwa kimeinama upande gani. Na mwili wenyewe, yaani nyayo, misuli, kano na viungo, unasema kila mfupa uko wapi, hata ukifumba macho. Jaribu sasa hivi: fumba macho, kunja goti. Unajua limekunjwa kiasi gani, ingawa hulioni. Taarifa hizo kwa sehemu kubwa hushughulikiwa na uti wa mgongo na ubongo wa nyuma, ule mdogo ulio kisogoni, bila kukusumbua. Ndiyo maana wewe unatembea sokoni huku unapiga hesabu za karo.

Goti lililosagika linaharibu mpango huo kwa njia kadhaa. Gegedu, ile nyama ngumu yenye uso laini inayofunika ncha za mifupa, imelika. Kiungo kimevimba na kimelegea, kwa hiyo taarifa zinazotoka humo haziaminiki kama zamani. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: goti likijaa maji, neva zake zinaamrisha misuli ya paja ipunguze nguvu. Misuli yenyewe inaweza kuwa mizima, lakini imezuiwa. Hapo ndipo mama anasema goti limemtupa. Hajakosea hata kidogo, ndivyo lilivyo.

Juu ya hayo yote kuna maumivu. Maumivu ni kengele, na kengele haikuachi uwaze mengine.

Kwa hiyo kazi ya kutembea, iliyokuwa ikijiendea yenyewe huko nyuma, inasogezwa mbele, kwenye sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso. Hiyo ndiyo sehemu tunayoitumia kupanga, kuhesabu chenji na kuchagua maneno. Watafiti wameiona ikifanya kazi. Wanamvisha mtu kofia yenye taa ndogo za mwanga usioonekana kwa macho, mwanga unaopenya fuvu na kupima jinsi oksijeni inavyobadilika katika damu ya ubongo. Wazee wanapotembea huku wakiongea, sehemu hiyo ya mbele inafanya kazi zaidi kuliko wanapotembea kimya. Mwenye goti bovu anaanza safari akiwa tayari ameshatumia sehemu ya akiba hiyo. Salamu moja tu ndefu, na akiba imekwisha.

Usidhani ni mama yako peke yake. Mwaka 1997 watafiti wa Uswidi waliandika kuhusu wazee 58 waliokuwa wakitembea huku mtu akianzisha nao mazungumzo. Wazee 12 walisimama ili waongee. Katika miezi sita iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka. Wale walikuwa wakiishi kwenye nyumba za kutunzia wazee, na nadhani wengi wao walikuwa dhaifu kuliko mama anayekwenda Masese alfajiri. Kwa hiyo usizichukue namba hizo kama hukumu yake. Zichukue kama onyo la kweli, hasa kwa kuwa tayari ameshaanguka mara mbili.

Sasa zitazame upya zile ajali zake. Ya kwanza: beseni kichwani linalotaka shingo na mgongo vitulie, mtaro unaotaka macho, goti linalotaka uangalifu, mteja anayetaka bei. Kazi nne, kichwa kimoja. Ya pili: giza. Goti halitoi taarifa za kuaminika, na umeme ulipokatika macho nayo yakaondoka. Akabaki na sikio la ndani peke yake.

Vumilia nikuambie jambo gumu kidogo, kwa sababu najua unalifanya kwa upendo. Zile kelele za nyuma, "Mama, shimo!", ni mzigo mwingine juu ya beseni. Anaposikia sauti yako inabidi aisikilize, aielewe, atafute shimo liko wapi, tena huenda akageuza kichwa kukutazama, na kugeuza kichwa huku unatembea kunayumbisha hata vijana. Hasira yake ina sababu. Acha kutembea nyuma yake. Tembea ubavuni, upande wa kulia ulio dhaifu, kwa mwendo wake, kimya. Kukiwa na shimo, mguse kiwiko, msimame wote wawili, ndipo mseme. Ya unga na karo yazungumzeni kabla ya kutoka nyumbani au mkishafika sokoni. Nadhani hata ule ugomvi wa kimya kati yenu utapungua, maana kimya kitakuwa kimebadilika maana.

Na beseni lishuke kichwani. Hapo sibembelezi. Mtu akipungua uzito wa kilo moja, goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Watafiti waliopima wazee wenye magoti yaliyosagika walikuta hivyo. Sasa fikiria beseni la mukene kutoka Masese hadi sokoni linavyolitendea goti lile, hatua kwa hatua. Lakini nimesema beseni, sikusema soko. Boda atalibeba. Mama atembee mikono mitupu, afike mahali pake, auze. Na akae kwenye kiti kirefu chenye egemeo, asikae kwenye kigoda cha chini, maana kuinuka kutoka chini ndiko kunakomtesha.

Hapo ndipo kaka yako anapoingia. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na aliye mbali huona rahisi kuamua. Lakini simlaumu. Mtu aliyepigiwa simu kuambiwa mama yake amepasuka paji la uso atawaza hata kumfungia kabatini. Mwambie hivi: nyumba ya Walukuba miguu ya mama inaijua. Inajua kizingiti kiko wapi, uani pana utelezi wapi. Ghorofani kila kitu ni kipya, ngazi ni tatu mara mbili kwa siku au asitoke kabisa, na bafu ni la vigae vinavyoteleza. Atakaa. Na mzee akikaa, misuli ya paja inayeyuka haraka sana, magoti yanazidi kukakamaa, woga wa kuanguka unakua, na ubongo unasahau kazi ya kutembea kwa kukosa mazoezi. Nilipokuwa muuguzi niliwaona wengi walioletwa hivyo: walipumzishwa kwa upendo mpaka wakashindwa kusimama.

Kwa upande wa pili, mazoezi yanazuia kuanguka, na hili limepimwa sana. Mwaka 2019 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya majaribio mengi ya wazee wanaoishi majumbani kwao, na mazoezi yalipunguza idadi ya kuanguka kwa asilimia 23. Yaliyofanya vizuri ni yale ya kusimama imara na ya kuiga kazi za kila siku. Kaka akitaka kutumia pesa, pesa ya kumhamisha mama iwe pesa ya boda wa kubeba beseni, ya taa yenye betri, ya fundi wa kuweka kishikio chooni, na ya nauli za hospitali. Hivyo atakuwa amemtunza kweli.

Tukija kwenye hospitali: ile kliniki iliyosema "ni uzee" ilikuacha njiani. Goti lililosagika ni ugonjwa, una matibabu, na watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa huu wa kusagika viungo mwaka 2019, wengi wao wanawake, na goti ndilo linaloongoza. Mpeleke hospitali ya rufaa hapo Jinja, omba aonwe na mtaalamu wa fiziotherapia. Usiondoke kabla hajapimwa presha akiwa amelala na tena akiwa amesimama, maana kuna wazee presha inashuka ghafla wanapoinuka na tunalaumu magoti bure. Apimwe sukari na hisia za nyayo. Aangaliwe macho, mtoto wa jicho huingia polepole mtu asijue.

Na kabla ya kwenda, kusanya kila kidonge kilichomo ndani ya nyumba, hata vile visivyo na jina, uvitie kwenye mfuko umpelekee daktari. Vinaniogopesha kuliko goti lenyewe. Diklofenaki ikinywewa muda mrefu katika umri ule inaweza kutoboa tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha. Kuna ile ya kupaka, ambayo kwa goti inasaidia na haiingii sana mwilini, iulizie. Dawa za usingizi, baadhi ya dawa za mafua, tramadoli na amitriptilini zinaweza kumfanya mzee ayumbe kama mlevi. Na kidonge kisicho na jina kinachoondoa maumivu yote kwa usiku mmoja nakishuku kina dawa ya kundi la prednisoloni, ambayo ikitumika bila mpango inadhoofisha mifupa. Mzee anayeanguka akiwa na mifupa dhaifu, unajua mwisho wake ni nyonga kuvunjika. Ila usimnyang'anye dawa ghafla, ukiwa na hasira. Hiyo ya prednisoloni hasa ikiwa imetumika muda mrefu haikatwi kwa siku moja. Daktari aamue.

Kutibu maumivu si anasa, nakusihi ulielewe hili. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani walipiga picha za ubongo wa watu waliokuwa na nyonga zilizosagika. Walikuta sehemu kadhaa za ubongo zimepungua. Baada ya kuwekewa nyonga za bandia na maumivu kwisha, sehemu hizo ziliongezeka tena. Mimi habari hiyo ilinipa furaha kubwa nilipoisikia, kwa sababu miaka yote tuliwatazama wazee wenye maumivu wakififia, tukadhani ndio safari ya mwisho. Kumbe ubongo ulikuwa umebanwa tu, na ukiachiwa unainuka.

Sasa mazoezi. Mtaalamu atakupangia, lakini mnaweza kuanza nyumbani leo. Weka kiti imara ukutani, mama akae, ainuke, akae tena, polepole, akishika meza mwanzoni na baadaye bila kushika. Ainuke mara tano, apumzike, arudie. Kisha asimame mbele ya ukuta, vidole vikigusa tu, mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole vya nyuma. Akiweza bila kuyumba, asimame kwa mguu mmoja akihesabu. Atembee kiubavu kandokando ya ukuta. Akiwa amelala, anyooshe mguu, akaze paja, aunyanyue kidogo na kuushikilia. Nusu saa, siku tatu kwa wiki au zaidi. Goti likiuma kidogo wakati wa zoezi si kitu, mradi kesho asubuhi liwe limetulia. Likiamka limevimba, mmezidisha.

Baada ya wiki kadhaa, akiwa ameimarika, ndipo mnarudisha maneno. Hili nalipenda sana, na mama yako atalimudu kuliko wewe. Anatembea uani penye usawa, wewe uko ubavuni, unamwuliza bei: makopo matatu ya mukene na mteja ametoa elfu ishirini, chenji ngapi? Nani anadaiwa? Akisimama, msubiri, usimsukume. Tunataka kazi ya miguu irudi polepole kule nyuma ilikotoka, na hairudi bila kuzoezwa. Sokoni kwenyewe, barabarani kwenye boda, bado asimame akisalimiwa. Waambie wateja wake, hawatakasirika: Mama akisimama ndipo mwongee.

Ukitaka kujua kama mnasonga, pima meta tatu kutoka kwenye kiti, weka alama. Ainuke, atembee mpaka kwenye alama, ageuke, arudi, akae. Tumia saa ya simu. Ikichukua sekunde 12 au zaidi, yuko kwenye hatari ya kuanguka. Andika ukutani, rudia baada ya mwezi.

Fimbo ataikataa, wote huikataa. Usimpelekee wewe. Mtafute mwenzake wa rika lake anayeitumia, wakutane, wazungumze wenyewe. Urefu wake uishie kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono akiwa amesimama mikono chini, na aishike mkono wa kushoto, upande wa pili wa goti bovu. Watu wengi hushika upande uleule unaouma, na hapo haisaidii sana. Chini funga kipande cha mpira kama ule wa lugabire, vile viatu vya tairi, isiteleze. Fimbo si ya kuegemea tu. Inauletea ubongo taarifa ya ardhi kupitia mkononi, taarifa ambayo goti limeacha kuitoa.

Usiku asitoke kwenda uani gizani hata siku moja. Ndoo yenye mfuniko chumbani, tochi chini ya mto, na akae kidogo ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. Kandambili zilizolegea zitupe, avae viatu vinavyoshika kisigino.

Kuna mambo ya kukimbilia hospitali bila kusubiri: goti kuwa jekundu na la moto pamoja na homa, mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kuvurugika ghafla, kuanguka na kugonga kichwa kisha usingizi mzito au kutapika, au kuanguka na kushindwa kuukanyagia mguu. Na kama siku moja ataanza kusahau madeni, kupotea njia ya Masese, au kuuliza swali moja mara kumi, hapo niandikie tena, itakuwa habari nyingine.

Sasa kwanjula.

Ningependa asipige magoti. Fikiria yaliyopo siku ile: gauni refu la gomesi, mkeka unaoteleza juu ya nyasi, watu mia, kamera, wakwe wakimjibu salamu huku anajaribu kuinuka. Ni ule mtaro uleule, ila watazamaji wamezidi. Mzee wa miaka 71 akisalimu kwa heshima akiwa kwenye kiti, mikono yote miwili mbele, hakuna mkwe mwenye malezi atakayemhesabia kosa. Msemaji wenu anaweza kulisema mapema kwa sentensi moja. Mwulize mama hivyo, kwa upole, na umwachie ajibu mwenyewe.

Lakini nina hisia atasema hapana, na ni haki yake. Huyu ni mjukuu wake. Basi asijifunze tena peke yake chumbani. Mkijaliwa mtaalamu wa fiziotherapia akakubali, fanyeni zoezi hili kila siku, wewe ukiwapo: mto mnene chini ya magoti, kiti kizito mbele yake. Anashuka akishika kiti. Kuinuka, mikono miwili juu ya kiti, anaukanyaga mguu wa kushoto mbele, ule mzima, goti la kulia likibaki kwenye mto. Anavuta pumzi, anasukuma kwa mikono na mguu wa kushoto, anasimama, anatulia, ndipo anageuka na kukaa. Siku yenyewe mto ufunikwe kwa kitambaa kizuri, kiti kiwe pale kama sehemu ya mapambo, na wajukuu wawili wapige magoti pembeni yake, mmoja kila upande, kama desturi tu.

Mwambie pia msemaji wa ukoo na mpiga muziki: bibi akimaliza salamu, wanyamaze. Mtu yeyote asimwongeleshe mpaka awe amekaa.

Shangazi